Kufanana, Kuiga na Kughushi: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Tuchukulie kwamba chama kimoja cha msingi kimepitisha, katika mkutano wake mkuu, azimio la kutumia sehemu ya ziada ya mwaka kununua redio za kuuziwa wanachama kwa bei nafuu. Mfanyabiashara wa jumla analeta sampuli tatu mbele ya halmashauri. Zote zina umbo moja, rangi moja, na vitufe vimepangwa mahali pale pale. Ya kwanza ina jina la kampuni mashuhuri, na bei yake ni kubwa. Ya pili ina jina lisilojulikana sana, na bei yake ni nusu. Ya tatu ina jina lile lile la kampuni mashuhuri, lakini bei yake ni nusu vilevile.

Mjumbe mmoja anasema kwamba zote mbili za bei nafuu ni bandia, zikataliwe. Mjumbe mwingine anajibu kwamba redio ni redio, inunuliwe iliyo rahisi kuliko zote. Wajumbe hao wote wawili wamekosea, na kosa la yeyote kati yao laweza kukigharimu chama fedha za wanachama. Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha katibu kuwaeleza wajumbe kama hao tofauti iliyopo baina ya kufanana, kuiga na kughushi, kama ilivyojitokeza katika mashauri makubwa ya vyombo vya umeme duniani na katika sheria za nchi za Afrika ya Mashariki.

HAKI ZINAZOTENGANISHWA NA SHERIA

Watu wengi husema tu kwamba kampuni fulani "imeiba" bidhaa ya nyingine. Sheria haisemi hivyo. Huuliza kwanza: kilichochukuliwa ni nini? Majibu makuu ni manne.

Kwanza ni hataza. Hii hulinda uvumbuzi, yaani njia mpya ya kufanya kazi, kama vile namna ya kupunguza matumizi ya betri. Kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu siku ya kuombwa. Baada ya hapo uvumbuzi huwa mali ya watu wote.

Pili ni haki ya sura, au ubunifu wa umbo. Hii haijali chombo kinafanyaje kazi. Hulinda jinsi kinavyoonekana machoni. Nayo hudumu kwa muda maalumu tu.

Tatu ni alama ya biashara, yaani jina, neno au picha inayomjulisha mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Alama yaweza kudumu daima maadamu mwenyewe anaitumia na kuandikisha upya kila muda unapokwisha.

Nne ni katazo la kuuza bidhaa yako kwa kuifanya ionekane kuwa ni ya mwingine, hata kama mwingine huyo hakuandikisha alama yake. Anayehadaiwa hapa ni mnunuzi, na anayepotezewa wateja ni mfanyabiashara mwenye sifa njema.

Jambo lisiloingia katika haki hizi, au nyingine zilizowekwa na sheria, ni huru. Mtu yeyote anaweza kutengeneza redio yenye kipini cha kubebea, kwa kuwa kipini hakina mwenyewe. Ndiyo sababu vyombo vingi hufanana bila ya mtu yeyote kuvunja sheria.

SHAURI LA APPLE NA SAMSUNG

Mwezi Juni 2007 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza simu yake iitwayo iPhone. Ilikuwa na kioo bapa upande wa mbele, pembe za mviringo, na safu za picha ndogo za rangi zilizopangwa juu ya kioo. Miaka michache baadaye kampuni ya Samsung ya Korea ya Kusini ilitoa simu na vishikwambi vya jina la Galaxy. Tarehe 15 Aprili 2011 Apple ilifungua shauri katika mahakama ya shirikisho huko California, ikidai kwamba Samsung imeiga sura ya bidhaa zake pamoja na baadhi ya njia za utendaji. Samsung nayo ikafungua madai yake dhidi ya Apple.

Yafaa ikumbukwe kwamba Samsung haikushitakiwa kwa kuandika jina la Apple juu ya simu zake. Kila simu ilikuwa na jina la mtengenezaji wake. Tena, wakati mashauri yakiendelea, Apple iliendelea kununua vipuri muhimu kutoka kwa Samsung hiyo hiyo. Huu ulikuwa mgogoro wa wafanyabiashara wawili wanaojulikana, wenye anwani, ambao wangeweza kuitwa mahakamani na kulipa.

Tarehe 24 Agosti 2012 jopo la wananchi tisa, ambao katika nchi hiyo ndio huamua ukweli wa mambo, liliona kwamba simu nyingi za Samsung zilikuwa zimeingilia haki za Apple, likaamuru fidia ya dola milioni 1,049. Hata hivyo, jopo hilo hilo lilikataa dai kwamba vishikwambi vya Samsung vimeiga sura iliyoandikishwa ya kishikwambi cha Apple. Mwaka 2013 jaji aliona kwamba sehemu ya hesabu ya fidia ilikuwa na kasoro, akaamuru ikadiriwe upya. Mwezi Mei 2015 Mahakama ya Rufani ilithibitisha haki za sura za Apple, lakini ikakataa dai kwamba umbo la jumla la simu lilindwe kama alama ya biashara. Sababu yake inafaa kukumbukwa: pembe za mviringo huisaidia simu kuingia mfukoni na kudumu bila kuharibika, na jambo lenye manufaa katika utendaji haliwezi kufanywa alama ya mtu mmoja milele.

Fidia ikashuka, na mwezi Desemba 2015 Samsung ililipa dola milioni 548, huku ikiendelea kupinga sehemu yake kubwa. Jopo jingine lilikadiria dola milioni 539 mwezi Mei 2018, na mwezi Juni mwaka huo pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Shauri lilikuwa limechukua miaka saba.

SWALI LA KWANZA: JICHO LA NANI?

Mahakama inapoulizwa kama vitu viwili vinafanana, itumie jicho la nani? Nchini Marekani jibu lilitolewa katika shauri la mwaka 1871 lililohusu mipini ya vijiko na uma. Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilisema kwamba fundi stadi hutambua tofauti daima, kwa hiyo jicho lake halifai kuwa kipimo. Kipimo ni jicho la mnunuzi wa kawaida, anayeangalia kwa uangalifu ambao mnunuzi huutumia kwa kawaida. Kama mtu huyo angeweza kununua kimoja akidhani ni kingine, basi sura imeigwa.

Mwezi Oktoba 2011, katika hatua za awali za shauri la California, jaji Lucy Koh aliinua juu vishikwambi viwili, kimoja cha Apple na kimoja cha Samsung, akamwuliza wakili wa Samsung kama angeweza kuvitofautisha. Wakili alikiri kwamba kwa umbali ule hakuweza. Kisa hiki kilienezwa sana magazetini. Lakini kama ilivyokwisha elezwa, jopo lililokuja kuvichunguza vishikwambi kwa makini mwaka uliofuata liliona kwamba sura haikuigwa. Mfanano wa mbali na mfanano wa mkononi ni mambo mawili. Katibu anayenunua kwa kuangalia picha katika orodha ya bei anasimama mbali kuliko alivyosimama wakili yule.

SWALI LA PILI: FAIDA IPI?

Ikithibitika kwamba sura imeigwa, mwigaji alipe kiasi gani? Swali hili nalo ni la zamani. Mwaka 1885 watengenezaji wa mazulia nchini Marekani walishinda shauri dhidi ya walioiga mapambo yao, lakini mahakama ikawapa senti 6 tu, kwa kuwa hawakuweza kuonyesha ni sehemu gani ya faida iliyoletwa na pambo na ni sehemu gani iliyoletwa na zulia lenyewe. Bunge la nchi hiyo liliona kwamba haki kama hiyo haina maana, na mwaka 1887 likatunga sheria ya kumtaka mwigaji atoe faida yake yote.

Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya zulia, ambalo pambo lake ndilo uzuri wake wote. Je, itumikeje kwa simu, ambayo ndani yake mna mamia ya vipuri na uvumbuzi mwingi usiohusiana na sura? Tarehe 6 Desemba 2016 Mahakama Kuu kabisa, kwa kauli moja, iliamua kwamba faida inayodaiwa yaweza kuwa ya sehemu moja tu ya chombo, si lazima ya chombo kizima. Kwa mwanachama wa ushirika hoja hii si ngeni. Mwizi wa gunia hudaiwa gunia. Je, adaiwe na mavuno ya shamba zima? Mahakama ilijibu kwamba lazima kwanza ijulikane kilichochukuliwa ni kipi.

UAMUZI HAUVUKI MPAKA

Mgogoro huo huo ulipelekwa pia mbele ya mahakama za nchi nyingine, na majibu hayakulingana. Mwaka 2011 mahakama ya mji wa Düsseldorf nchini Ujerumani ilizuia kuuzwa kwa kishikwambi cha Galaxy Tab 10.1. Samsung haikufunga duka. Ilibadili umbo la kishikwambi na kukiuza upya kwa jina la 10.1N, na mwezi Februari 2012 mahakama hiyo ikakataa kukizuia, kwa kuwa sasa tofauti ilitosha.

Nchini Uingereza mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mwezi Julai 2012 jaji Colin Birss aliamua kwamba vishikwambi vya Samsung havikuingilia sura iliyoandikishwa na Apple. Alieleza kwamba uso bapa wa kioo ulikwisha kuwako katika vyombo vingine vya awali, hivyo mnunuzi mwenye ujuzi angeangalia zaidi unene na upande wa nyuma. Na huko tofauti zilikuwa dhahiri. Mwezi Oktoba mwaka huo Mahakama ya Rufani iliafiki, ikafafanua kwamba katika haki ya sura iliyoandikishwa swali si kama mtu aliiga au hakuiga. Huchukuliwa mchoro ulioandikishwa, hulinganishwa na bidhaa, basi. Apple iliamriwa kutangaza uamuzi huo magazetini na katika ukurasa wake wa intaneti ili kuondoa wasiwasi uliokwisha enea sokoni. Tangazo la kwanza lilionekana kupotosha, ikaamriwa kulisahihisha.

Fundisho ni kwamba haki hizi hutolewa na kuamuliwa kwa mujibu wa sheria za kila nchi au jumuiya ya nchi. Tajiri akimwambia katibu kwamba bidhaa fulani "ilipigwa marufuku Ulaya", hiyo si hoja ya kutosha ya kuikataa au kuikubali.

KUGHUSHI NI JAMBO JINGINE

Mpaka hapa limezungumzwa suala la kampuni zinazouza kwa majina yao wenyewe. Anayeghushi hutenda tofauti. Huchukua jina la mwingine na kulibandika juu ya bidhaa yake, ama jina kamili, ama kwa kubadili herufi moja ili macho ya haraka yasitambue. Hana anwani. Chaja yake ikiungua, hakuna wa kumwendea. Betri yake ikivuja, dhamana iliyoandikwa juu ya boksi haimfungi mtu yeyote.

Nchini Kenya Bunge lilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008. Chini ya sheria hiyo hata kuwa na bidhaa bandia mkononi kwa ajili ya biashara ni kosa. Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo usimamizi wake uko mikononi mwa Tume ya Ushindani. Kwa hiyo chama kinachoweka bidhaa za kughushi katika duka lake hakipotezi fedha tu. Chaweza kujikuta chenyewe kikijibu mashitaka.

Hata hivyo, sheria yenyewe yapasa isichanganye mambo. Mwaka 2009 wananchi watatu wa Kenya wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliiomba Mahakama Kuu ya nchi hiyo itazame maneno ya sheria ya 2008. Hofu yao ilikuwa kwamba dawa halali za bei nafuu, zinazofanana na zile za kampuni kubwa katika viambato vyake, zingehesabiwa kuwa bandia na kuzuiwa. Jaji Mumbi Ngugi alikubaliana nao kwamba vifungu vilivyolalamikiwa vilihatarisha haki yao ya kuishi na ya kupata afya. Ijapokuwa shauri hilo lilihusu dawa, hoja yake yafaa kwa redio na taa pia: kuita kila kitu nafuu kinachofanana na cha ghali kuwa ni bandia, ni kumdhulumu maskini.

Na kutokujali pia kuna gharama. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu za bandia zilianza kuzimwa katika mitandao ya Kenya. Tanzania ilifanya hivyo tarehe 16 Juni 2016. Aliyeghushi alikuwa amekwisha pokea fedha zake. Aliyebaki na chombo kisichoweza kupiga wala kupokea ni mkulima, mchuuzi na mwalimu aliyekinunua kwa nia njema.

KAZI YA KATIBU

Kabla ya kutia sahihi hati yoyote ya kununulia vyombo vya umeme, katibu na halmashauri wafuate hatua hizi:

(a) Jina lisomwe herufi kwa herufi, juu ya chombo na juu ya boksi. Majina hayo mawili yalingane.

(b) Ijulikane ni nani aliyeingiza bidhaa nchini, anwani yake ni ipi, na dhamana itatekelezwa wapi. Bidhaa yenye jina dogo lakini yenye mwenyewe ni bora kuliko yenye jina kubwa isiyo na mwenyewe.

(c) Itazamwe alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi, huku ikikumbukwa kwamba nayo huweza kughushiwa. Penye shaka shirika lenyewe liulizwe.

(d) Kwa simu, ibonyezwe *#06# ili namba ya utambulisho ya tarakimu 15 ionekane, kisha ilinganishwe na ile iliyoandikwa juu ya boksi.

(e) Inunuliwe sampuli moja kwanza, ifunguliwe na fundi, itumike kwa majuma kadhaa. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

(f) Stakabadhi iandikwe jina la mwuzaji, aina ya chombo na namba za kila kimoja, ihifadhiwe katika jalada la chama. Chama kikishitakiwa, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha uangalifu wake.

(g) Bidhaa ikishukiwa, isiuzwe wala isigawiwe. Iwekwe kando, jambo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na taarifa ipelekwe kwa mamlaka inayohusika. Mfanyabiashara asitangazwe hadharani kuwa ni tapeli kabla ya uchunguzi kukamilika.

ALAMA YA CHAMA CHENYEWE

Vyama vingi hudhani kwamba mambo haya ni ya matajiri wa ng'ambo. Sivyo. Chama kinachopakia asali, mchele au kahawa katika vifuko vyenye jina lake kina mali ambayo haionekani ghalani, nayo ni imani ya wanunuzi. Mfanyabiashara akichapisha vifuko vinavyofanana na kutia humo mchele hafifu, atakayelaumiwa ni chama. Inafaa alama iandikishwe mapema kwa msajili anayehusika. Tanzania Bara na Zanzibar zina daftari mbali mbali, na Kenya ina lake. Kuandikisha upande mmoja hakulindi upande wa pili. Kampuni zilizotajwa katika somo hili ziliweza kusimama mahakamani kwa sababu zilikuwa na hati. Chama kisicho na hati hulazimika kuthibitisha kila kitu kwa mashahidi, jambo lenye taabu na gharama.

HITIMISHO

Sasa zirudiwe redio tatu zilizowekwa mbele ya halmashauri. Redio ya pili, yenye jina lake yenyewe, inafanana tu na ile mashuhuri. Kama mwingizaji anajulikana, dhamana ipo na fundi ameridhika, chama chaweza kuinunua bila ya haya. Na kama kampuni ile kubwa inaona sura yake imeigwa, hilo kwa kawaida ni shauri lake na mtengenezaji. Redio ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Jina kubwa kwa nusu ya bei, bila ya maelezo, ni alama ya hatari. Mjumbe aliyetaka zote mbili zikataliwe angewanyima wanachama redio nzuri ya bei nafuu. Na yule aliyetaka inunuliwe yoyote iliyo rahisi angeweza kuwaletea hasara na aibu.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Taja haki nne zilizoelezwa katika somo hili. Katika duka la chama chenu, toa mfano wa bidhaa inayohusika na kila moja.

2. Kwa nini mahakama ya Marekani ilichagua jicho la mnunuzi wa kawaida badala ya jicho la fundi? Je, katika chama chenu mnunuzi wa kawaida huangalia nini kwanza?

3. Vishikwambi vya Samsung vilizuiwa Ujerumani, vikaruhusiwa Uingereza. Eleza sababu.

4. Je, chama chenu kimehifadhi stakabadhi za vyombo vyote vya umeme vilivyonunuliwa mwaka uliopita? Kama sivyo, nani atalishughulikia jambo hili, na kabla ya tarehe gani?

5. Jina na alama ya chama chenu vimeandikishwa? Halmashauri ilete jibu katika mkutano mkuu ujao.